Tairi la Maboksi

Siku pikapu iliporudi kutoka kwa Fundi Jeki nilikuwa natia vifungo kwenye mashati ya sare, nikaacha sindano inaning'inia. Gari lilikuwa limepandishwa juu inchi nne. Springi mpya, shokapu mpya, kila kitu kimenyanyuliwa. Magurudumu tu ndiyo yalikuwa yaleyale ya zamani. Likasimama pale nje ya mlango wangu kama mtu mrefu mwenye suti nzuri aliyekosea akavaa viatu vya mwanawe.

Mjukuu wangu akatoa kichwa dirishani, huko juu kabisa.

"Bibi! Unalionaje?"

"Naliona linataka kuomba radhi."

"Usilicheke, bado halijamaliza kuvaa!" Akaruka chini, akatua kwa miguu yote miwili, akaanza kulizunguka akilipigapiga mbavu kama anayeuza farasi.

Huyu binti ndiye mwenye gari na ndiye dereva wake. Anabeba saruji, magodoro, na makabati ya watu wanaohama. Tunamwita Chereko, kwa sababu mama yake anadai alizaliwa akicheka. Mimi nilikuwepo siku ile, na nilimsikia akilia kama wenzake, lakini jina likishamkaa mtu huwezi kulifumua.

Sasa niseme kwa nini gari lilipandishwa, msije mkadhani tulikuwa tunatafuta sifa. Lilipandishwa kwa ajili ya mdogo wangu.

Mdogo wangu anaishi juu ya mlima, mwisho wa barabara ambayo kila mwaka inabaki na mawe mengi na udongo kidogo. Nyonga yake haimruhusu kuvuka geti lake. Magoti yangu hayaniruhusu kupanda hata ngazi mbili za duka la vitambaa. Miaka minne tumekuwa watu wa simu tu, na miaka hiyohiyo minne macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa hata mkono wake mwenyewe anauona kama uko nyuma ya pazia.

Zamani tulishona chumba kimoja, miaka kumi na minane, cherehani mbili zinatazamana. Yeye ndiye aliyekuwa fundi kunishinda. Nikimaliza gauni alilichukua, akaligeuza ndani nje, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, kisha akaniambia kwa upole, upole unaokera, "Dada, hapa mshono umepinda." Nilimnunia kwa neno hilo hata siku tatu. Macho yalipoanza kufifia, kabla hatujabaki na simu tu, akawa anapapasa tu kazi yangu na kusema, "Safi, Dada." Hiyo "safi" iliniuma kuliko kukosolewa kote.

Basi wiki tatu kabla ya gari kupandishwa, madaktari wa macho walipanda hadi zahanati ya kule juu, majirani wakambeba mpaka pale, akatolewa ukungu. Jioni ya kufunguliwa bandeji alinipigia, na alikuwa anapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Dada! Naona! Naona kuku! Naona kuku wa jirani ndani ya mboga zangu! Kumbe miaka minne wananila, na mimi nalaumu jua!"

"Wafukuze basi!"

"Nitawafukuza kesho, leo nawatazama! Njoo, Dada. Njoo nikuone. Nataka nijue kama umezeeka kunishinda."

"Mimi? Mimi bado msichana."

"Njoo nihakikishe kwa macho yangu."

Tulijaribu Jumapili iliyofuata, na gari likiwa bado fupi. Katikati ya mlima kuna mahali barabara ni mwamba mtupu uliopangika kama vidato, watu wanapaita Ngazi. Pale pikapu ilikalia tumbo juu ya jiwe, magurudumu yote yakizunguka hewani kama miguu ya mtoto anayegaragara kwa hasira. Tulishuka kinyumenyume. Nilimpigia mdogo wangu kumwambia, akasema "Haya, Dada," na hakutania kitu. Hapo nikajua ameumia.

Na mvua zilibakiza wiki mbili. Zikianza, barabara ile inakuwa mto, na mlima unafungwa hadi miezi minne. Watu wa umri wetu miezi minne hatuiachi iende hivihivi.

Fundi Jeki, ambaye ndiye anayetengeneza gari hili tangu linunuliwe, alitazama tumbo lililokwaruzwa akasema, "Tulipandishe, halafu tulivalishe matairi makubwa." Kupandisha akapandisha. Yakabaki matairi.

Kesho yake Chereko alikuwa ameegesha nje, yuko ndani anaoga kuondoa vumbi la saruji, simu yake ikalia mezani kwangu. Alikuwa muuza matairi. Watu wote wanamwita Bonge, na ukimwona huulizi sababu.

"Mama shikamoo. Nataka kumtafutia mjukuu wako mzigo. Tairi mlizonazo sasa ni inchi ngapi?"

"Marahaba. Subiri nipime."

Kupima ndiyo kazi yangu. Nilitoka na futi kamba shingoni na chaki mkononi. Futi yangu inaishia inchi sitini, kwa hiyo nikaizungusha kwenye tairi hadi mwisho, nikatia alama ya chaki, nikaendelea nayo mpaka ikarudi nilipoanzia. Nikarudia tena, maana siamini kipimo kimoja. Nikarudi kwenye simu, magoti yananiuma lakini nina fahari.

"Tisini na moja."

"Mama, sema tena?"

"Tisini na moja. Na tunataka yaliyonenepa kidogo. Fanya mia."

Nikasikia kitu kama gunia limeanguka. Ni yeye amekaa.

"Mama! Tairi la inchi mia! Hilo ni la yale malori ya machimboni, yanayobeba nusu ya mlima! Dereva wake anapanda ngazi kama anapanda ghorofani!"

"Kwani ninyi mnapimaje?"

"Tunapita katikati, Mama. Ukingo huu mpaka ukingo ule. Moja kwa moja."

"Mimi nikitaka kiuno cha mtu, nimtoboe tumbo nitokee mgongoni?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamsikia akiwaambia watu waliokuwa dukani, wao pia wakacheka, na mimi, huku nimeshikilia simu ya watu, nikajikuta nacheka kuliko wote. Chereko akatoka bafuni na povu masikioni kuuliza nani amekufa. Alipoambiwa alikaa chini sakafuni. Kumbe ukipita katikati, tairi letu lilikuwa inchi ishirini na tisa tu.

Jumamosi asubuhi tukaenda dukani kwake, mimi, Chereko na Fundi Jeki. Kupanda gari lenyewe ilikuwa shughuli. Fundi Jeki alisukuma, Chereko akavuta, mwisho nikaagiza kigoda changu cha cherehani, nikakikanyaga nikaingia kama mtu anayejiheshimu. Tukakifunga kamba nyuma kwenye bodi ili kiende nami.

Duka la Bonge ni uwanja wenye paa la bati upande mmoja. Matairi yamepangwa kama nguzo, yananuka mpira mpya mpaka kichwa kinazunguka. Chini kuna mashine ya kuvalishia, mipira ya upepo imejiviringisha, na ukutani rimu zimening'inizwa. Wote waliokuwa pale walinipokea kwa jina jipya.

"Karibu, Mama Tisini na Moja!"

"Asanteni, watoboa matumbo wangu."

Chereko hakusikia hata salamu. Alikuwa ameshafika ukutani. Kulikuwa na rimu nne pale, zinang'aa kama sufuria zilizotoka dukani leo, pana, zenye vijiti vilivyopinda kama maua. Matairi yake yalikuwa yamewekwa chini yake: inchi thelathini na tatu kwa urefu, kumi na mbili na nusu kwa upana, na meno ambayo ngumi yangu ilizama katikati yake.

"Bibi." Akanionyesha kwa kidole. "Bibi, ona."

Akaingia ndani ya tairi moja akakaa, akajikunja kama paka kwenye kikapu, akatabasamu peke yake.

"Hizo zikipita mtaani," Bonge akasema, "mpaka mbwa wanageuka."

"Zitaingia?" nikauliza.

Fundi Jeki akatazama gari, akatazama tairi, akafumba jicho moja. "Zitaingia. Nimepandisha inchi nne, Mama. Pale hata ng'ombe anapita."

"Ng'ombe hakati kona," nikasema.

Pembeni, nyuma ya mashine, kulikuwa na matairi mengine manne. Urefu ni uleule, thelathini na tatu, ila upana ni kumi na nusu, na rimu zake ni za chuma cheusi, hazina ua wala kijiti. Zimetoboka tu kama kichujio. Chereko alizitazama mara moja jinsi mtu anavyotazama viatu vya shule.

Bonge ni mfanyabiashara lakini si mwongo. Alituambia wazi. "Nikishavalisha tairi kwenye rimu na ikasimama chini, hairudi. Na dukani nina seti hizi mbili tu za kimo hicho. Mzigo mwingine ni mwezi ujao."

Mwezi ujao mlima utakuwa umefungwa. Nilimtazama Chereko, naye alijua ninachofikiri.

"Bibi, nisikilize," akasema, akatoka kwenye tairi lake. "Bibi Mdogo hajaona kitu miaka minne. Sasa anaona. Unataka kitu cha kwanza kinachotoka mjini kumfikia kiwe na rangi ya masizi? Nataka nifike pale nang'aa. Aone kitu cha kuonwa!"

Kwa kweli maneno hayo yalinigusa. Hakuwa anaringa kwa ajili yake tu.

"Na tukikwama Ngazi, ataona nini?"

"Hatutakwama. Mapana ndiyo yanashika zaidi. Fundi amesema zitaingia."

"Fundi amepima kwa jicho moja. Mke mwenzangu, nipe saa moja tu. Bonge, hizo rimu zilikuja kwenye maboksi?"

"Maboksi yako nyuma, Mama. Ya nini?"

"Nipe yote. Na kisu, na kamba nyembamba ya kushonea magunia."

Niliwahi kumshonea mtu koti la harusi. Akiwa amesimama, lilimkaa kama amezaliwa nalo. Siku yenyewe akainua mkono kukata keki, likapasuka toka kwapani mpaka kiunoni, picha zote za harusi ile bwana ana mkono mmoja ubavuni. Tangu hapo simpimi mtu akiwa amesimama tu. Namwambia kaa, inama, inua mkono juu kabisa. Nguo haipasuki mtu akiwa ametulia.

Nikakaa kwenye kigoda changu katikati ya uwanja. Nikapigilia msumari kwenye boksi, nikafunga kamba ya inchi kumi na sita na nusu na chaki mwisho wake, nikaizungusha: duara la thelathini na tatu, kwa kipimo chao cha kutoboa tumbo. Nikakata matatu. Nikaenda kuzipima rimu zenyewe, pale zinapokaa kwenye nati, upande wa ndani zina inchi ngapi na wa nje ngapi. Mawili ya yale maduara niliyatoboa katikati kama bangili. La tatu, la kukaa kati ya hayo mawili, nikalitoboa matundu sita ya nati. Nikakata ukanda wa inchi kumi na mbili na nusu wa kuzungushia. Kisha nikatoa kwenye mkoba sindano yangu ya magodoro, ndefu kama kalamu, nikavaa kastabini ya chuma kwenye kidole gumba, sindano isinitoboe, nikaanza kushona.

Kwanza walinitazama kwa heshima. Baada ya dakika kumi heshima iliisha.

"Mama, utaliwekea na zipu?"

"Bonge, mjukuu wake akipata pancha atatia kiraka cha kanga!"

"Bibi," Chereko akanong'ona, "kweli unashona tairi mbele za watu?"

"Nashona kipimo. Shika hapa, vuta uzi."

Akashika. Na yeye vidole vyake si vya ovyo, nilimfundisha mwenyewe. Mpaka mwisho alikuwa anashona upande wake na mimi wangu, tunakutana katikati, tunacheka kila boksi linapobonyea. Tulipolisimamisha lilikuwa gurudumu kamili, la rangi ya kahawia, lina maandishi ubavuni "Shika Kwa Uangalifu." Lilikuwa jepesi, Bonge akalinyanyua kwa kidole kimoja akacheza nalo mzunguko mmoja.

Fundi Jeki akatoa gurudumu la mbele, akapachika la maboksi, akakaza nati sita kwa mkono. Lilikaa. Likapendeza, hata mimi nilikiri.

"Si nimesema!" akasema Fundi Jeki. "Limeingia."

"Limesimama. Sasa lipinde. Chereko, usukani wote kushoto."

Chereko akapanda, akazungusha. Gurudumu la maboksi likageuka taratibu, likageuka, halafu tukasikia *kraaa*. Kona ya nyuma ilikuwa imegonga bati la ndani, boksi limekunjamana.

"Kidogo tu hapo," Fundi Jeki akasema, "nitapigapiga nyundo."

"Sasa inua mkono."

Akanielewa, maana naye ni fundi. Akaweka jeki chini ya ekseli, akalisukuma gurudumu juu, kama vile limepanda jiwe. Lakini springi mpya zilikuwa ngumu, boneti nayo ikawa inapanda nalo. Basi tukamwomba Bonge aikalie pembe ya boneti, na alipokaa, gari zima lilisema "hii" likashuka. Gurudumu likaingia kwapani. Mdomo wa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, ukaanza kutafuna boksi toka juu, ukalipasua ukanda, ukashuka hadi kwenye "Uangalifu."

Hakuna aliyecheka. Uwanja mzima uliona tairi la kweli likitafunwa hivyohivyo, juu ya mwamba, mbali na kila mtu, na bibi mwenye magoti mabovu ndani.

Chereko alishuka. Alikaa kwenye nguzo ya matairi, mabega yameshuka. "Basi," akasema. "Basi, Bibi."

"Bado. Nguo ikikataa hatuichomi moto, tunapunguza."

Nikafumua upande mmoja, nikatoa inchi mbili kwenye ukanda, nikaziba palipopasuka kwa boksi jipya, nikashona tena. Niliweka pia matundu ya nati kwa kipimo cha zile rimu nyeusi, maana hizo hazikutokeza nje kama dada zake wazuri. Safari hii wote walishika uzi, hata mteja mmoja aliyekuja kujaza upepo tu.

Fundi Jeki akapachika. Usukani kushoto wote: likapita. Kulia wote: likapita. Bonge akaikalia boneti, gari likasema "hii," gurudumu likapanda kwapani, na pale lilipofika mwisho nikapenyeza kidole gumba changu kati yake na bati. Kiliingia, na kastabini yake.

"Hiyo ndiyo nafasi ya pindo," nikasema. "Livike yale ya rimu nyeusi."

Wakashangilia kana kwamba nimefunga goli. Bonge alitaka kushuka kwenye boneti kwa kuruka, tukamkataza kwa sauti moja.

Chereko alicheka na wenzake, lakini nilimwona akienda kuzigusa zile rimu za kung'aa mara ya mwisho, kama anaaga. Moyo ukaniuma.

"Tairi la akiba," nikamwambia, "linakaa wapi?"

"Nyuma, Bibi. Limefungwa kwenye bodi, linatazama juu."

"Basi hilo niachie mimi."

Nilikuwa na kitambaa cha njano kilichobaki kwenye mapazia ya mtu, njano ile inayopiga kelele. Nilikata kifuniko cha tairi la akiba, mviringo, na pembeni nikazungusha vikunjo vya inchi tatu, kama vya gauni la mtoto siku ya sherehe. Nilishona haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa mlima. Chereko alipokiona alipiga ukelele akanibusu mpaka miwani ikaenda pembeni. Jioni yote alikuwa nje na brashi ndogo anapaka rangi nyeupe kwenye herufi za matairi mapya, moja baada ya nyingine, ulimi nje. Siku ya pili yale matairi ya masizi yalikuwa yanachekacheka meno meupe.

Tukaondoka saa mbili asubuhi, mimi na yeye. Kigoda nyuma, vikunjo vinapepea.

Chini ya mlima alisimama, akashuka, akaanza kutoa upepo kwenye matairi. *Ssss*.

"Unayaua?"

"Nayalegeza, Bibi. Fundi kasema yakiwa magumu yanadunda juu ya jiwe. Yakilegea yanalikumbatia."

Nikachungulia. Kweli, kila tairi lilikuwa limetoa kitambi kidogo pale chini. Nikasema hapo ndipo wangeweza kulipima kiuno, akacheka mpaka akashindwa kufunga kifuniko cha upepo.

Tulipanda. Tulipofika Ngazi Chereko akapunguza mwendo. Pale kwenye kidato cha tatu barabara inakata kona kali katikati ya mawe mawili, na huwezi kuikata bila kupinda usukani wote na gurudumu moja likiwa limepanda jiwe. Yaani kushoto wote, na mkono umeinuliwa. Chereko akanitazama. Nikamtazama. Akapinda.

Gari likainama upande wangu, nikaona bonde lote kupitia dirishani, likasema "hii" kama siku ya Bonge. Nilitega sikio nisikie *kraaa*. Sikusikia kitu ila mpira unanong'ona na jiwe. Likapanda. Kidato cha nne. Nyuma kitu kikagonga, kikadundadunda kikaenda zake, hatukujali. Cha tano. Kisha udongo wa kawaida, mpana, wenye nyasi katikati.

Chereko akaanza kupiga honi. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na gari, alipiga honi tu. Mimi nikaanza kupigapiga dashibodi kama ngoma. Tulifika kwa mdogo wangu kwa makelele kiasi kwamba kuku wa jirani walitoka wenyewe kwenye mboga.

Alikuwa amesimama getini na fimbo yake, ana miwani myeusi ya hospitali, kimo kilekile, shingo imenyooka.

"Nimeona kitu cha njano toka kule chini!" akapaza sauti. "Nikasema huyo, si mwingine! Shuka nikuone!"

Nikafungua mlango. Chereko akaenda nyuma kuchukua kigoda. Akarudi mikono mitupu.

"Bibi, kilichogonga kule Ngazi..."

Basi nikabaki juu, kama mtu aliyepanda ghorofa akasahau ngazi. Mdogo wangu akaja polepole mpaka chini ya mlango, akavua miwani, akainua uso. Macho yake yalikuwa meupe na meusi tena, safi kabisa, yana maji kidogo kwa sababu ya mwanga. Akanitazama. Alitazama paji, mashavu na shingo mpaka nikaona aibu nikarekebisha kilemba.

"Umezeeka," akasema.

"Wewe je?"

"Mimi sijioni, naona wewe tu." Akafuta macho. "Umezeeka vizuri, Dada. Shuka sasa, shingo inaniuma."

Chereko alikuwa ameshalifungua tairi la akiba, akalilaza chini ya mlango na kifuniko chake cha njano juu.

"Kanyaga hapa, Bibi."

"Kwenye vikunjo vyangu? Kamwe!"

"Kanyaga!" wakasema wote wawili.

Nikakanyaga. Nikatua, na mdogo wangu akanishika, au nilimshika, tulikuwa tunashikana ovyo na kucheka, fimbo imeanguka, Chereko anatuzunguka anapiga picha. Tulipoachana, mdogo wangu aliniomba nimpe mkono ainame. Nilidhani anataka fimbo. Kumbe ameshika ukingo wa kifuniko. Akakifuta vumbi la kiatu changu, akageuza vikunjo ndani nje, akavielekeza kwenye mwanga.

Nikasubiri. Nilikuwa kama msichana wa mtihani.

"Dada," akasema kwa ule upole wake unaokera, "hapa mshono umepinda."

"Wapi?" nikauliza, na sauti ilinitoka kubwa kwa furaha. "Nionyeshe! Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na hapa! Ulishona ukiwa kwenye gari?"

"Nionyeshe pote," nikamwambia, nikakaa chini pale pale kwenye tairi.